Kipima mwanga kikipishana na kamera, usikimbilie kiskurubu

Ndugu, umeuliza kwa nini kipima mwanga alichokuachia marehemu baba kinapishana na kamera kwa stopu mbili (kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), na kama ukipeleke kwa fundi. Nakusihi usikipeleke kwanza. Umesema mwenyewe ulikishika ukutani, kile kikombe chake cheupe cha kupokea mwanga kikikutazama, kisha ukaielekeza kamera kwenye ukuta uleule wa chokaa. Hapo ulipima vitu viwili tofauti.

Kikombe kinapima mwanga unaoushukia ukuta. Kamera inapima unaorudi kutoka ukutani, nayo imeundwa ichukulie kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe wa kuta zetu za Lamu inadhani jua limezidi, inapunguza, na ukuta unatoka rangi ya majivu. Mbele ya buibui jeusi inafanya kinyume. Kwa chokaa iliyopigwa na jua, stopu mbili si ubovu.

Nalijua hili kwa uchungu. Enzi za filamu nilikizungusha kiskurubu cha kurekebishia kipima changu mpaka mshale ukakubaliana na kamera mbele ya ukuta kama huo, nikaridhika. Nikaenda nacho kwenye zefe, yale maandamano ya Maulidi. Roli tatu, nyuso zote giza. Baadhi ya wazee wale waliotangulia mbele sikujaliwa kuwapiga picha tena.

Ukitaka kukihakiki, ngoja anga safi, saa tatu na nusu asubuhi hivi. Si saa sita, maana jua letu la utosini halikipigi kikombe sawasawa. Simama uwanjani, si kichochoroni. ISO 100 (kiwango cha wepesi wa kuhisi mwanga), jua mgongoni mwa mpiga picha, kikombe kiitazame kamera: kisome karibu na sekunde 1/125 kwa tundu la lenzi la f/16. Nusu stopu isikusumbue.

Kisha angalia betri. Vingi vya zamani vilitumia ya zebaki, volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukitia alkalaini ya 1.5, kwenye vingine mshale unapanda kupita mwanga uliopo. Mimi natia zile ndogo za vifaa vya kusikia, volti 1.4. Na vile vibati vinavyogusa betri vitazame vizuri, chumvi ya huku inavila.

Mwisho kijaribu dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni penye mwanga hafifu, pamoja na kipima cha mwenzako unachokiamini. Kikiwa sawa juani kikakosea dakani, kiskurubu hakitakusaidia: jicho lake la kuhisi mwanga limechoka.