Nyanya aliyenilea ndiye aliyemfukuza mama yangu. Nitasoma nini mbele ya watu?

*Shangazi, pokea salamu zangu. Nilizaliwa Pumwani mwaka 1986 na ninaishi Nairobi hadi leo. Nyanya yangu alifariki mwaka jana akiwa amepita miaka 90. Mwezi ujao tunamsomea hitima, na jamaa wamenipa mimi kazi ya kuandika na kusoma historia ya maisha yake, kwa kuwa ndiye aliyenilea. Mama alinipata akiwa bado shuleni. Nyanya alimpeleka kwa jamaa Nakuru, akamwambia asirudi mpaka mtoto aanze shule, na mimi akanichukua. Alinilea kwa mahamri aliyouza alfajiri na kwa kodi ya vyumba vinne, hata nikamaliza chuo. Wajomba wanataka nitaje malezi hayo tu. Mama, ambaye bado yuko Nakuru, ameniambia, "Ukisema alikulea, useme na mimi nilikuwa wapi." Nimeandika na kufuta mara nyingi. Hata mwaka wake wa kuzaliwa tunabishania. Nifanye nini?*
*Mjukuu, Nairobi*

Mwanangu, pole sana kwa kufiwa, na Mungu amrehemu nyanya yako. Barua yako nimeisoma mara tatu, pamoja na rasimu uliyoiambatisha na zile kurasa mbili za daftari lake ulizozipiga picha ukanitumia. Kurasa hizo nitazirudia, kwa sababu naona zina jambo ambalo hujaliona.

Nianze na wajomba zako, ambao naamini hawana nia mbaya. Sisi tumelelewa kumtaja marehemu kwa mema, na anayesimama hitimani kuanika ya nyumbani mbele ya majirani hujivunjia heshima yeye kabla hajamvunjia aliye kaburini. Hata hivyo, hapa wamechanganya mambo mawili. Kumsitiri mtu ni kuinyamazia aibu yake kwa kumhurumia. Aibu ya mwaka 1986, kama tutakubali kuiita aibu, ilikuwa ya mama yako, wala haikuwa ya nyanya au ya wajomba. Naye mwenyewe, baada ya karibu miaka 40, amesema sitara hiyo haihitaji tena. Hakuna awezaye kumsitiri mwenzake kwa nguvu. Wanachokifunika wajomba zako sasa ni mama yako mwenyewe, ili atajwe kama mtu ambaye hakuwapo, na watu watoke pale wakimhesabu kuwa ni mama aliyemtupa mwanawe.

Angalia pia jinsi alichokuomba kilivyo kidogo. Hakukuambia useme kwamba nyanya alikuwa katili, wala hakukutuma umlipizie kisasi. Amekuomba utaje alikuwa wapi. Mimi ningeandika hivi: "Mwaka 1986 nyanya aliamua kwamba mama yangu aende Nakuru na mimi nibaki Pumwani. Uamuzi huo ulinipa malezi niliyoyapata, na ulimnyima mama yangu miaka sita ya utoto wangu." Hizo ni sentensi mbili zisizo na tusi wala sifa, na kila aliyekuwapo anajua kwamba ni kweli. Msomee mama yako kwanza, uso kwa uso, ukiwa tayari kubadilisha neno lolote asilolitaka. Akiridhika, ndipo umwendee mjomba wako mkubwa, naye umkute peke yake. Tafadhali usiiweke rasimu hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia, kwa sababu huko neno moja hushikwa na kuzua ugomvi kabla maandishi hayajasomwa hadi mwisho.

Sasa tuje kwa nyanya mwenyewe. Umeniambia kwamba unampenda na papo hapo una hasira naye, na kwamba unaona haya kwa hilo. Usione haya. Lakini katika rasimu yako umemgawa watu wawili: yuko nyanya aliyejitolea, ambaye umemwandikia kurasa tatu, na yuko nyanya asiyeambilika, ambaye umemfuta kila alipojitokeza. Nadhani ndiyo sababu maandishi hayaendi. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku mwaka baada ya mwaka ili mjukuu wake asome, na mwanamke aliyemwambia bintiye asirudi, ni mtu mmoja, na yote mawili aliyafanya kwa moyo uleule wa kuamua jambo peke yake na kulibeba hadi mwisho bila kumuuliza yeyote. Wewe ulilelewa kwa msimamo huo, na mama yako aliumizwa nao. Ukimwondolea ukali wake utabaki na bibi mpole ambaye hakuna mtu wa Pumwani atakayemtambua.

Kile kipande cha mahamri ndicho kizuri kuliko vyote ulivyoandika, nawe umekipiga mstari kwa kudhani kwamba ni kidogo mno. Beseni la unga uliokandwa kwa tui na iliki tangu jioni limefunikwa kwa leso. Wewe, mtoto wa miaka saba, umeshika taa. Yeye anaubonyeza unga kwa kifundo cha kidole, anatazama kama shimo linajaa, kisha anasema "Bado" na kurudi kwenye kigoda chake, hata kama wanaowahi zamu ya asubuhi wamekwisha kusimama mlangoni na vikombe vyao. Kirudishe jinsi kilivyo. Atakayekisikia atamjua nyanya yako kuliko akisikia kwamba "alikuwa mwenye bidii na msimamo", maneno ambayo mimi nimeyasikia yakisomewa watu wasiofanana hata kidogo.

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, mjomba wako anayeshikilia 1938 kwa sababu ndio ulio kwenye kitambulisho anakiamini kitambulisho kupita kiasi. Sheria ya usajili wa watu iliwahusu wanaume peke yao hadi ilipobadilishwa mwaka 1978, kwa hiyo nyanya yako alipoandikishwa kwa mara ya kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na kwa mwanamke asiye na cheti cha kuzaliwa ilibidi mwaka ukisiwe. Ushahidi ulio bora unao wewe mwenyewe. Umesema alikuwa akisimulia jinsi alivyojitwika sufuria siku walipohamishwa kutoka Pangani ya Nairobi. Kijiji kile cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Mtoto aliyezaliwa 1938 angekuwa mgongoni siku hiyo, hawezi kuwa na sufuria kichwani. Andika kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, useme na sababu, nami naamini hata mjomba atanyamaza.

Lipo jambo jingine ulilolipitia kwa mstari mmoja, nami nakusihi ulipe nafasi. Umeandika kwamba "wakati wa emajensi", yaani hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni siku za Mau Mau, aliwaweka nyumbani watoto wawili wa jirani aliyekamatwa. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi, wakaanza kuwakagua na kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa vizuizini. Kama watoto hao waliachwa katika msako huo, basi nyanya yako, akiwa na miaka ishirini na kitu, aliwalisha watoto wasio wake katika mji ambao hata kuonekana na jamaa wa waliokamatwa kuliweza kukuletea polisi mlangoni. Mmoja wao yuko hai, tena yuko Dandora. Mtafute wiki hii, wala usingoje hitima ipite. Muulize walilala wapi, walikula nini, nyanya aliwaambia nini kuhusu baba yao, na nani alimshauri asiwachukue. Naamini wapo waliomshauri, na naamini unajua aliwajibu vipi. Hapo utaona tena mkaidi yuleyule wa 1986, ila safari hii ukaidi wake ulikuwa kinga ya watoto, na wewe hutalazimika kumtetea kwa neno lolote lako.

Habari ya kwamba hukulia siku ya mazishi usiihangaikie. Wengine machozi huwajia wanapokuta kanzu ya marehemu kabatini, baada ya mwaka au miwili.

Nimefika kwenye zile kurasa za daftari. Umesema ni daftari la masomo ya ngumbaru, na kwamba siku hizo alikuwa akikubeba mgongoni kwenda darasani jioni. Kampeni ya serikali ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika ilianza mwaka 1979. Wewe ukiwa mgongoni, basi alijiandikisha karibu na 1987. Maana yake ni kwamba masomo hayo yalikuwapo kwa miaka minane hivi naye hakwenda. Madeni ya wateja na kodi za wapangaji alizihifadhi kichwani, na umeniambia hakupotewa na hata shilingi. Halafu mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mtoto mchanga mgongoni na unga wa kukanda nyumbani, anaketi kwenye dawati kujifunza herufi. Mbona mwaka ule? Ukurasa wa kwanza una majina ya watoto wake watano, kila jina mara moja. Wa pili una jina la mama yako tu, kutoka mstari wa juu hadi wa chini, na kadiri mistari inavyoshuka ndivyo herufi zinavyonyooka.

Maana yake sitakuambia, na nakuomba nawe usiitangaze hitimani, kwa kuwa nyanya yako hakumweleza mtu. Ila muulize mama yako kama aliwahi kuandika barua alipokuwa Nakuru, na ni nani nyumbani aliyekuwa akizisoma. Kwa kuwa itabidi uende umsomee zile sentensi mbili, usimtumie picha za kurasa hizo kwa simu. Chukua daftari lenyewe, umkabidhi mkononi, na umwache aufungue ukurasa huo yeye mwenyewe.