Beki mrefu asiye na mbio: kabla hujamtoa, mtazame Mertesacker

Kila tunapoanza kupanga timu ya vijana, kuna kocha mwenzangu ataniuliza: "Huyu mrefu ni mzito, nimpeleke wapi?" Wengi humgeuza kipa, au humwacha benchi mpaka anakata tamaa na kuacha mpira. Nafundisha mabeki wa chini ya miaka 17, na nawasihi msifanye hivyo. Mtafutieni mechi za Per Mertesacker kwanza.

Mjerumani huyu ana urefu wa sentimita 198 na mbio hakuwahi kuwa nazo. Alianzia Hannover 96, akahamia Werder Bremen mwaka 2006, kisha Agosti 31, 2011, siku tatu tu baada ya Arsenal kufungwa 8-2 na Manchester United, akasajiliwa na klabu hiyo ya London. Mashabiki wa Arsenal mnakumbuka yaliyosemwa kwenye vibanda umiza: mawinga watamkimbiza mpaka akome. Aliichezea Ujerumani mechi 104, akatwaa Kombe la Dunia 2014.

Ukimtazama, achana na mpira, tazama miguu yake. Kiungo wa wapinzani akiinua tu kichwa, Mertesacker ameshapiga hatua mbili kurudi nyuma, mwili ameugeuza ubavu ili aweze kukimbilia upande wowote. Straika anapoanza kuchomoka, yeye yupo njiani anamsubiri. Ndiyo maana hakuwa na haja ya kuingia watu miguuni ovyo.

Hilo linafundishika. Mimi huweka mabeki wawili dhidi ya mastraika watatu kwenye nusu ya uwanja. Kiungo akitaka kupiga pasi napuliza filimbi, wote wanasimama, na kila beki anaonyesha kwa mkono mpira ulikuwa unakwenda wapi. Mwanzoni wanabahatisha. Baadaye utaona yule mzito ndiye anayepatia zaidi, kwa sababu hana kasi ya kumwokoa akikosea, kwa hiyo analazimika kufikiri mapema.

Halafu mpe mwenzake mwepesi. Pale Arsenal alikuwepo beki mwenzake Koscielny wa kufukuza, naye Mertesacker akabaki kupanga ukuta na kuongea dakika zote 90. Beki mzito aliye kimya, huyo kweli atakutesa.

Msimu wa 2016/17 goti lilimweka Mertesacker nje karibu wakati wote. Ikafika fainali ya Kombe la FA, Mei 27, 2017, Koscielny ana adhabu ya kadi nyekundu, beki mwingine, Gabriel Paulista, ameumia. Kocha Wenger akampanga katikati ya mabeki watatu dhidi ya Chelsea ya straika Diego Costa, mechi yake ya kwanza kuanza msimu ule mzima. Costa alipata bao, ndiyo, lakini Arsenal walishinda 2-1 na Mertesacker alicheza kwa utulivu wa ajabu. Nawaonyesha vijana wangu mechi ile yote, siyo mabao tu.

Lakini kuna jambo lililonigusa kuliko hilo. Mwaka 2018, akikaribia kustaafu, aliliambia jarida la Ujerumani la Der Spiegel kwamba kabla ya mechi alikuwa akipatwa na kichefuchefu, na kwamba Ujerumani ilipotolewa na Italia kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 2006, pamoja na huzuni alihisi nafuu kuwa yamekwisha. Mtu mkubwa vile, nahodha! Basi fikiria mtoto wa miaka 15 anayejua kwamba uwanja mzima unamcheka kwa uzito wake.

Kwa hiyo siku ya mechi nazungumza na kila beki peke yake, pembeni, wenzake wasisikie. Namuuliza tumbo likoje, amelala vipi. Akisema anaogopa simwambii ajikaze. Nampa kazi moja ndogo ya dakika kumi za mwanzo, mfano kumwita beki wa kulia kila mpira ukienda upande ule. Na akipitwa mara moja, msimtoe. Mwacheni amalize mechi.