Siasa na mkate wako Marekani: uhuru unamzuia nani?

Swali linalotufikia sana kutoka nyumbani: Marekani si nchi ya uhuru wa kusema? Mbona mlioko huko mnaogopa kuandika siasa hata mkiwa mmetoka kazini?

Uhuru upo, ndugu zetu, ila ujue unamfunga nani mikono. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanaizuia serikali. Mwajiri binafsi si serikali. Ukimsema Rais vibaya Facebook saa nne usiku, polisi hawaji kugonga mlango. Ila asubuhi kadi yako ya kuingilia kazini inaweza kugoma, na hakuna sheria ya shirikisho iliyovunjwa.

Karibu majimbo yote, isipokuwa Montana, mtu asiye na mkataba wala chama cha wafanyakazi anaweza kuachishwa kazi wakati wowote bila kupewa sababu. Kinachokatazwa ni kumwachisha kwa mambo kama rangi, dini au asili ya taifa lake. Maoni ya kisiasa hayamo kwenye orodha hiyo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 na ya Kenya ya 2007 zinayataja waziwazi, kwa hiyo katika hili sheria ya nyumbani, walau kwenye karatasi, inamkinga mfanyakazi kuliko ya huku.

Majimbo machache yameongeza kinga. California inamkataza mwajiri kuamua siasa za wafanyakazi wake. Connecticut inalinda kauli hata kwenye kampuni binafsi, kwa masharti. New York inakulinda ukigombea, ukipiga kampeni au ukimchangishia mgombea fedha, mradi ufanye nje ya saa za kazi, nje ya eneo la kazi na bila vifaa vya mwajiri. Posti ya hasira si kampeni, na hapo wengi hukwama. Aliyeajiriwa na serikali ana nguvu zaidi: mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimtetea karani wa ofisi ya serikali huko Texas aliyefukuzwa kwa kumwambia mwenzake, baada ya Rais Reagan kupigwa risasi, kwamba wakijaribu tena anatumaini watampata. Alishinda kwa kura 5 dhidi ya 4 tu.

Namna mambo yanavyoharibika ni ileile. Wasifu wako mtandaoni unaonyesha unapofanya kazi. Unaandika mistari miwili, mtu usiyemjua anaipiga picha, anaisambaza na kuitaja kampuni. Simu zikianza kumiminika, bosi hapimi tena kama ulisema kweli, anapima hasara. Kufuta hakusaidii, picha imeshatoka. Septemba 2025, baada ya Charlie Kirk, mwanaharakati wa siasa za mrengo wa kulia, kuuawa, walimu, wauguzi na wafanyakazi wa ndege walifukuzwa au kusimamishwa kazi ndani ya siku chache kwa njia hiyohiyo. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kuwafutia viza wageni sita kwa walichoandika kuhusu kifo hicho.

Kwa mhamiaji hilo ndilo zito. Mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, akiachishwa ana siku 60 zisizozidi kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka, na muda wake wa kuruhusiwa kukaa ukiisha mapema, siku hizo nazo hupungua. Waombaji viza wengi tangu 2019 hutaja majina ya akaunti zao za miaka mitano. Kwa hiyo mtu anaponyamaza msimwite mwoga. Anahesabu kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake.

Ukifukuzwa, usisaini chochote siku hiyohiyo. Malipo ya kuachana huja na karatasi ya kuacha haki ya kushtaki; mwenye miaka 40 au zaidi hupewa angalau siku 21 za kuisoma na 7 za kujitoa baada ya kusaini. Omba fidia ya kukosa kazi hata kama wamesema ni kosa lako, kwani posti ya nyumbani si lazima ihesabiwe kosa la kazini. Na kama mlichokuwa mkijadili na wenzako ni mshahara au hali ya kazi, hiyo kwa kawaida inalindwa na sheria ya 1935: peleka malalamiko kwenye bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi kabla ya miezi 6 kupita.