Kupima eneo la uso wa tumbawe bila skana

Dada, umeuliza kama mradi wako wa digrii utawezekana bila mashine ya skana. Utawezekana, tumia nta. Kausha kiunzi cha tumbawe (mifupa yake migumu) kwenye oveni, nyuzi 60, hadi uzito usibadilike. Kwa unyevu wa Mombasa hatua hii usiiruke. Yeyusha nta ya parafini (si mafuta ya taa) ifike nyuzi 65, chovya kiunzi sekunde 3, zungusha ili matone yatoke, acha ipoe, pima kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Chovya tena vivyo hivyo, upime. Uzito ulioongezeka mara ya pili ndio unaokupa eneo, maana nta ya kwanza imeziba vitundu.

Kabla ya hapo chovya mara mbili silinda za mbao za ukubwa tofauti ambazo eneo lake umelipiga hesabu, uchore grafu ya uzito wa nta ya pili dhidi ya eneo kwa sentimita mraba; humo ndimo utakaposoma eneo la tumbawe. Usipodhibiti joto grafu haina maana: nta ikipoa tabaka hunenepa, ikizidi moto huwa jembamba.

Shida kubwa ni matumbawe ya matawi kama Acropora, kwani nta hujikusanya katikati ya matawi. Picha za simu zinazounganishwa kuwa umbo la pande tatu nazo hazioni humo ndani. Mimi ningefanya utafiti hapo hapo: linganisha njia hizo mbili kwa vipande vilevile, picha zikitangulia nta.

Vipande omba KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) pale Mkomani au chuoni. Usiokote ndani ya hifadhi ya bahari bila kibali.