Jibu: Watu wanapenda filamu za wanyama ila hawabadiliki

Pole ndugu, nimekuelewa kabisa, unasema unawaonyesha watu wa kwenu filamu za wanyama ili watunze viumbe na miti, watu wanajaa kuangalia, wanafurahi, kesho yake miti inakatwa na bundi anapigwa mawe kama kawaida. Mimi nilikwama hapohapo, nilikuwa naweka filamu ya saa nzima ya simba na tembo halafu kila mtu anaenda kulala.

Kilichosaidia ni kupunguza. Chagua kipande cha dakika 10 au 15 cha kiumbe wanachokiona kila siku, bundi, nyuki, popo, na uwatafsirie mwenyewe kwa lugha yao. Siku moja nilisimamisha video pale bundi anapotapika kidonge cha manyoya, yaani mabaki ya mawindo yasiyosagika tumboni, kimepasuliwa unaona mifupa ya panya aliowameza, basi mzee mmoja mkulima akauliza, kumbe huyu ndo analinda mahindi yetu? Hapo mjadala ukawaka wenyewe, we nyamaza tu uwasikilize wao. Kabla hawajatawanyika kubalianeni kitu kimoja kidogo na nani atakifanya.

Angalizo, kuonyesha filamu hadharani mara nyingi kunahitaji ruhusa ya mwenye filamu, omba mapema. Na kama shida yenu ni wanyama wakali kuingia mashambani waite maafisa wa wanyamapori, video haitoshi.