Nati za mkuku zinazolegea kila mwaka

SWALI: Natunza mashua ya tanga ya fibaglasi, iliyoundwa mwaka 1979, ambayo mwenyewe huiacha hapa Mikindani msimu wote wa kusi. Mkuku wake, yaani uti mzito wa chini ya chombo, ni chuma cha kumimina, nao umeshikwa kwa bolti tisa ambazo nati zake zinaonekana ndani ya ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Mwaka jana nilizikaza zote. Mwaka huu tatu za nyuma zimelegea tena, na ngama ina maji ya rangi ya chai. Mzee wetu mmoja, fundi wa majahazi, ananishauri nizikaze mpaka zigome. Je, nati hujifungua zenyewe?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi nati haijifungui; kinachopungua ni kile ilichokibana. Bolti hushika kwa sababu imevutika kidogo sana ilipokazwa, na ikiwa unene wa kilicho chini ya washa (kile kisahani cha chuma chini ya nati) utapungua hata kwa sehemu ya milimita, mvuto ule hutoweka. Katika miaka zaidi ya arobaini fibaglasi iliyogandamizwa hubonyea polepole, mbao zilizofichwa ndani yake huoza zikilowa, na gundi ya kuzibia maungio huchakaa, huku mkuku mzito ukiyavuta maungio hayo kushoto na kulia kila mashua inapolala upande.

Ushauri wa mzee wako si wa kubezwa, ila ni wa chombo kingine. Jahazi hubeba farumi, yaani uzito wa kulituliza, ndani, mataruma yake (mbavu za chombo) yamekaa juu ya mkuku, na mbao zikinywa maji huvimba na kubanana. Yako imening'iniza uzito wake nje.

Maji ya rangi ya chai ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Huenda ni kutu ya mkuku tu, lakini yanaonyesha kwamba bahari imekwisha kupenya kwenye maungio. Hata chuma kiitwacho kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni. Maji ya chumvi yakituama mahali pasipo hewa, utando huo huharibika, na bolti huliwa kiunoni, palepale mkuku unapokutana na mashua, ilhali nati juu inang'aa. Bolti ya namna hiyo ukiikaza mpaka igome, utaikata.

Kwa kuwa zilizolegea ni za nyuma, muulize mwenyewe kama aliwahi kugonga mwamba. Mkuku ukigonga kwa mbele, ncha yake ya nyuma husukumwa juu na kupasua mihimili ya sakafu. Mei 2014 mashua ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku katika Atlantiki na mabaharia wanne wakapotea. Wachunguzi walitaja uwezekano kwamba kugonga chini kulikotangulia kulikuwa kumeidhoofisha.

Isisafiri kwanza. Isimamishwe nchi kavu juu ya mkuku wake, ikiegemezwa vizuri pande zote, kisha fungua nati moja moja na uchomoe walau bolti moja uitazame kiuno. Ikiwa imeliwa, badilisha zote tisa, mkuku ushushwe na maungio yazibwe upya, na washa ndogo zitoke ziwekwe vibao vipana vya chuma. Ili ujue pa kuanzia, ingali majini, kausha ngama kabisa na unyunyize unga wa chaki kuzunguka kila nati: itakayolowana kwanza ndiyo utakayoichomoa kwanza.