Bibi Shamba Anajibu: Ua la Buluu la Mashamba ya Ngano

Barua za safari hii zimetoka kwa ndugu zetu walioko Ujerumani, na zote zinauliza habari za ua moja: lile la buluu ambalo wenyeji huliita Kornblume, yaani ua la nafaka. Jina lake la kisayansi ni Centaurea cyanus.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nimeona ua hili kando ya shamba la shayiri karibu na Leipzig. Jirani yangu naye analo bustanini, ila lake ni kubwa zaidi. Ni ua lilelile?*

Marahaba mwanangu. Ni ndugu tu. La jirani, kwa unavyolieleza, naona ni Centaurea montana, ua la milima ya Alps na mingineyo ya Ulaya ya kati na kusini. Anza na majani. La shambani lina majani membamba kama nyasi, ya kijivu kama yaliyorushiwa majivu. La milimani yake ni mapana, yamechongoka kama mkuki.

Kisha ligeuze ua utazame kitako chake. Utaona kikombe kidogo chenye umbo la yai, kimefunikwa magamba yaliyolaliana kama vigae. La shambani, ukingo wa kila gamba una vijino vya kahawia au vya rangi ya fedha. La milimani, ukingo ni mweusi kama jicho lililotiwa wanja. Hapo huwezi kukosea. Tena la milimani huishi miaka mingi, ilhali la shambani hufa msimu ukiisha.

Na hizo unazoziona kama petali za pembeni, kila moja ni kijiua kizima chenye umbo la tarumbeta. Ni tasa, kazi yake ni kuwaita nyuki. Mbegu hutoka kwenye vijiua vya katikati.

*Nilitia samadi ya kutosha. Mimea ikarefuka, mvua moja tu ikailaza yote chini. Nimekosea wapi?*

Kwenye samadi. Mmea huu unataka jua la kutwa na udongo hafifu usiotuamisha maji. Sia Septemba, au Machi hadi Aprili, kina cha sentimita 1, palepale utakapokulia, kwa maana haupendi kuhamishwa. Miche ikichomoza, ipunguze ibaki sentimita 20 hivi kati ya mche na mche. Mimi napendelea Septemba: miche hupita baridi imelala chini kama kisahani, kisha huwahi kuchanua na huwa na nguvu zaidi.

*Mwaka wa kwanza bustani ilijaa buluu, wa pili maua machache, wa tatu nyasi tupu. Mbegu zimechoka?*

Hazijachoka, hazikupata udongo mtupu. Ua hili limefuata jembe kwa maelfu ya miaka. Lilitoka pande za Mediterania, likasafiri kaskazini ndani ya magunia ya nafaka. Pasipolimwa, nyasi hulimeza. Basi acha maua ya mwisho yakauke na kudondosha mbegu, kisha tifua udongo juujuu. Fanya hivyo kila mwaka. Inaniuma kwamba mashambani kwenyewe, dawa za magugu na mbegu za nafaka zilizosafishwa sana zimelifukuza katika sehemu nyingi za Ulaya, na nyuki wamepoteza chakula. Ukitaka kulirudisha porini, tafuta mbegu za eneo lako: tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inadai hivyo, ingawa bustanini kwako uko huru.

*Yangu yametoka ya waridi. Nimeuziwa mbegu za uongo?*

Hapana, umeuziwa aina ya bustani. La porini ni buluu, mara chache sana jeupe au la waridi.

*Dada yangu yuko Limuru. Naweza kumtumia mbegu ndani ya bahasha?*

Usitume. Kenya inataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mbegu hazijasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka huko zinakotoka. Huko Marekani, ua hilihili lilitoroka bustanini likawa gugu kwenye baadhi ya majimbo. Dada aanze na KEPHIS. Wewe, kwa sasa, mpelekee picha, na usisahau kukipiga picha kitako.